Nyumba ni Yako, Kazi ni Yangu



Juma hili nimepokea barua fupi kutoka kwa kijana anayefanya kazi ya saidia fundi katika majengo hapa mjini. Anaeleza kwamba amekosana na fundi wake. Fundi alimwagiza alimwagilie zege maji kila asubuhi na kila jioni kwa siku saba. Yeye akaona ni kuchoshana bure, kwa vile zege lilikuwa limekwisha kuwa gumu tangu siku ya pili. Anamalizia kwa swali ambalo nimelisoma mara tatu: "Kwa nini nijitese kwa kazi ambayo ikishapigwa plasta na kupakwa rangi hakuna mtu atakayeiona?"

Ningeweza kulijibu swali hili kwa methali mbili tatu kisha nikaenda zangu. Lakini kijana ameuliza kwa dhati, naye anastahili jibu la dhati. Isitoshe, mimi mwenyewe nina deni katika jambo hili, kama mtakavyoona.

Mwaka 1996 nilianza kujenga vyumba viwili pembezoni mwa jiji la Dar es Salaam. Mshahara ulikuwa wa kubanana, na kila mfuko wa saruji niliununua kwa kujinyima. Nilimpata fundi mwashi mmoja, mtu mzima aliyekwisha pita miaka sitini, mwenye maneno machache. Mtaani kwetu mabomba yalikuwa makavu, na maji tulinunua kwa madumu kutoka kwa vijana wa mikokoteni. Siku ya tatu baada ya kumwaga zege la lenta nilipiga hesabu ya madumu nikaona kwamba ninamwaga fedha chini. Nikamwendea.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Mzee, naona zege limeshakauka. Maji haya tuyaache, yananimaliza."

Aliweka mwiko chini akanitazama. "Halijakauka," akasema, "wala halitakiwi likauke. Likikauka sasa limekufa."

Nikamkumbusha kwamba nyumba ni yangu na fedha ni zangu. Akanijibu kwa upole maneno ambayo sijayasahau hadi leo: "Nyumba ni yako, mwanangu. Lakini kazi ni yangu."

Kesho yake nilipofika nilikuta zege limelowa. Alikuwa amenunua madumu mawili kwa fedha yake, akatandaza magunia juu ya lenta na kuyalowesha ili jua lisiyanyonye maji upesi. Alifanya hivyo hadi siku ya saba, wala hakuniletea hesabu. Niliona haya nikamrudishia fedha yake. Lakini nakiri kwamba wakati ule sikumwelewa. Nilidhani ni ukaidi wa uzee tu.

Hebu basi tueleze alichokijua mzee yule. Wengi wetu tunaamini kwamba saruji huwa ngumu kwa kukauka, kama udongo wa mfinyanzi unavyokauka juani. Sivyo. Saruji huwa ngumu kwa kuungana na maji. Unga ule ukikutana na maji, kila chembe yake huanza kubadilika na kuota vijinyuzi vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Vijinyuzi hivyo husokotana, vikaukamata mchanga na kokoto na kuvifanya kitu kimoja. Ndiyo sababu zege hushika hata likiwa ndani ya maji, na nguzo za madaraja huweza kujengwa mtoni. Lingekuwa linahitaji kukauka, lisingeshika humo kamwe.

Kazi hiyo ya kuungana haimalizwi kwa siku moja. Zege la kawaida, likitunzwa vizuri, hufikia kiasi cha theluthi mbili ya nguvu zake kwa siku saba, na wahandisi hupima nguvu zake kamili siku ya 28. Katika siku hizo za mwanzo, jua na upepo vikiyanyonya maji yaliyomo, ile kazi husimama njiani. Kwa nje utaliona zege gumu, na ukiligonga kwa ngumi utaumia wewe. Lakini ndani limebaki na njaa, na uso wake utakuwa wa vumbi na nyufa. Kwa hiyo, kijana wangu, lile zege uliloliona gumu siku ya pili lilikuwa kama mtoto aliyeanza kusimama dede. Amesimama kweli, lakini humtwishi mzigo.

Na maji ni sehemu moja tu ya mambo yasiyoonekana. Chukua maji ya kukandia. Saidia fundi hupenda zege liwe kama uji, kwa sababu uji humwagika kwa urahisi na beleshi haliumizi mgongo. Lakini saruji huhitaji maji kwa kipimo. Yale yanayozidi hutoka baadaye kwa mvuke na kuacha vitundu humo ndani, na vitundu hivyo ndivyo udhaifu wenyewe. Zege linalotakiwa ni lile gumu kidogo, ambalo ni lazima ulishindilie kwa jasho hadi hewa itoke na kila pembe ijae.

Chukua mchanga. Mchanga wa ufukweni una chumvi, na chumvi hula nondo. Mchanga wenye tope nao huizuia saruji kushikana na chembe za mchanga. Mzee wangu alikuwa na chupa ya kioo. Kila lori lilipoleta mchanga alitia kidogo chupani, akajaza maji, akatikisa na kuiacha itulie. Mchanga hutuama chini, tope hukaa juu yake. Tabaka la tope likiwa nene, mchanga ule haupokei. Mara moja alimrudisha dereva na lori lake zima, nami nilikasirika kwa kupoteza siku.

Chukua nondo. Nondo haitakiwi kulala juu ya mbao wakati wa kumwaga zege. Hunyanyuliwa kwa vijitofali vidogo ili zege liizunguke pande zote, kwa unene wa inchi moja hivi kwenye dari na zaidi ya hapo kwenye msingi. Zege hilo ndilo nguo ya nondo. Ukiiacha uchi, unyevu huifikia, nayo ikaota kutu. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, hivyo huvimba na kulipasua zege kutoka ndani. Jambo hilo huchukua miaka. Siku dari linapoanza kubanduka vipande, fundi aliyesahau vijitofali amekwisha hama mtaa, na pengine amekwisha hama dunia.

Sasa niliungame deni langu. Nyumba ilipokwisha nilitaka ukuta wa kuzunguka kiwanja. Hiyo ilikuwa katikati ya mwaka 1997. Mzee alikuwa na kazi mahali pengine akaniomba nisubiri miezi miwili. Sikusubiri. Nilipata fundi mwingine, hodari wa kusema na mwepesi wa mkono, tena wa bei nafuu. Matofali aliyafyatua palepale uwanjani. Mzee alikuwa amekataa katakata kutoa zaidi ya matofali thelathini kwa mfuko mmoja wa saruji. Huyu alitoa zaidi ya hamsini, nami nikamsifu kwa kuniokolea fedha. Aliponiuliza kama tununue maji ya kumwagilia nilimwambia, "Huu ni ukuta tu, si nyumba." Akacheka, tukaelewana. Kwa siku kumi ukuta ukawa umesimama, umepigwa plasta na kupakwa chokaa, unang'aa. Majirani walinipongeza.

Mwishoni mwa mwaka ule zikaja zile mvua za El Niño, ambazo wengi wenu mnazikumbuka. Usiku mmoja tulisikia kishindo. Tulipotoka na taa tukakuta ukuta umelala chini, hatua zaidi ya ishirini, na matofali yamerudi kuwa mchanga. Nilichukua kipande mkononi nikakifikicha kama mkate mkavu. Mchana, kivuli cha ukuta ule ndipo watoto wangu na wa jirani walipokaa kucheza bao la vifuniko vya soda. Ungeanguka saa kumi za jioni badala ya saa nane za usiku, mazungumzo haya yasingekuwapo, kwani nisingekuwa na uso wa kuwaambia watu lolote juu ya kazi.

Nyumba haikupata hata ufa. Saruji ilikuwa ileile, mchanga ulitoka machimbo yaleyale, maji ni ya mikokoteni ileile. Tofauti ilikuwa mtu. Na nisimlaumu fundi wa pili peke yake. Alifanya nilichomwambia. Alikosa kitu kimoja tu ambacho mzee alikuwa nacho, nacho ni kunikatalia.

Hapa ndipo penye kiini cha ninachotaka kusema. Tukisikia neno fahari tunadhani ni majivuno. Majivuno huhitaji watazamaji. Mwenye majivuno hupamba mbele, akaacha nyuma ovyo, kwa sababu nyuma hakuna anayepita. Fahari ya kazi haina haja ya mtazamaji. Ni ile hali ya mtu kujua kilicho sahihi na kuona vibaya kufanya pungufu ya hapo, hata kama ni yeye peke yake atakayejua. Mzee yule hakuwa na kibao barabarani, wala sikupata kumsikia akijisifu. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Aliniomba nisubiri miezi miwili kwa sababu watu walikuwa wamepanga foleni kumngoja.

Wapo watakaosema kwamba dawa ya kazi mbovu ni ukaguzi na sheria. Nakubali, tena kwa nguvu zote. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam liliporomoka, na watu zaidi ya 30 wakafa. Tarehe 29 Aprili 2016 jengo la makazi liliporomoka mtaa wa Huruma jijini Nairobi na kuua watu zaidi ya 45. Tarehe 16 Novemba 2024 likaporomoka jengo la biashara Kariakoo, na watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha. Kila jengo lina habari zake na sababu zake, na si kazi yangu kumhukumu mtu hapa. Wakaguzi wawepo, wasiolipwa pembeni, na mwenye kosa ashitakiwe.

Lakini tuulizane. Mkaguzi atakuja mara ngapi? Atalala juu ya lenta kuangalia kama limemwagiliwa alfajiri? Zege likishamwagwa, nani ataona kama vijitofali viliwekwa chini ya nondo? Ukaguzi huona kilicho wazi, na sehemu kubwa ya kazi njema imefunikwa. Katika sehemu hiyo iliyofunikwa, mkaguzi pekee aliyekuwapo saa zote ni yule mwenye mwiko mkononi. Akiwa mtu wa funika kombe mwanaharamu apite, sheria zote za nchi hazitausaidia ukuta ule.

Jambo hili si geni kwetu, wala halikuja na saruji. Nendeni Kilwa Kisiwani mkatazame msikiti mkuu wa kale na kasri la Husuni Kubwa, mahali ambapo tangu mwaka 1981 pamo katika orodha ya urithi wa dunia. Kuta na makuba yale yalijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, mengine yakiwa na umri wa miaka 700 hivi. Chokaa haikununuliwa kwa mfuko. Ilichomwa kutoka matumbawe juu ya tanuu la magogo, ikazimuliwa, ikaachwa ipoe na kukomaa kwa miezi kabla ya kutumika. Hakuna njia ya mkato katika kazi hiyo. Majina ya waashi wale hatunayo. Kazi yao tunayo. Sehemu nyingine zimebomoka kwa umri na kwa kutelekezwa, lakini zilizosimama zinatueleza kwamba mtu fulani, asiyetarajia kusifiwa na mimi na wewe, alingoja chokaa ikomae.

Najua pia yuko msikilizaji anayenung'unika sasa hivi: "Maneno matamu hayo, lakini malipo yako wapi? Mshahara mdogo, kazi ndogo." Hoja hii siidharau. Malipo duni ni dhuluma, na mfanyakazi ana haki ya kudai, ya kuungana na wenzake, na hata ya kuikataa kazi. Lakini ukishaikubali, kisha ukailipua ili kumkomoa tajiri, unayemkomoa si tajiri. Tajiri atapiga rangi akapangisha. Utakayekuwa umemkomoa ni mpangaji asiyekujua, na mtoto wake alalaye chini ya dari ulilolifanya bora liende. Yeye hakukupunja hata senti.

Nasi wenye kutoa kazi tujitazame. Mara ngapi tunamsukuma fundi amalize kabla ya sikukuu? Mara ngapi tunachagua bei ya chini kabisa, kisha tunashangaa kupata kazi ya chini kabisa? Mimi nilimfundisha yule fundi wa pili kulipua kwa kucheka naye. Anayetaka kazi ya fahari lazima ailipie muda wake na maji yake. Akiambiwa na fundi "hapana, hivi haifai," asione amedharauliwa. Amepata mtu.

Na haya si ya waashi tu. Muuguzi anayenawa mikono kati ya mgonjwa na mgonjwa usiku wa manane hakuna anayemwona. Fundi umeme anayeunga waya wa ardhini, ilhali taa zingewaka hata bila waya huo, hakuna anayempongeza. Karani anayeandika jalada vizuri ili mjane apate mirathi yake miaka kumi baadaye hatashukuriwa na mjane huyo, kwa maana hatamjua. Mwalimu anayesoma insha hadi mstari wa mwisho kabla ya kutia alama, mpishi anayechambua mchele mawe katika hoteli ya mama lishe, wote hao wanamwagilia zege. Mji mzima umesimama juu ya watu wa namna hii, na tunawatambua tu pale wanapokosekana.

Miaka michache baada ya ukuta kuanguka, mzee alipita kunisalimia. Nilimkaribisha kiti, lakini hakukaa. Alizunguka nyumba kwanza, polepole, mikono nyuma. Akaitazama lenta kutoka upande huu na upande ule, akaigonga kwa kifundo cha kidole. Akasikiliza. Akasema, "Ipo." Ndipo akaja kukaa na kuomba maji ya kunywa. Kuhusu ukuta hakuuliza, ingawa mabaki ya msingi wake aliyaona. Fundi wa pili sijamwona tena. Nimesikia kwamba akija mtaa wetu hupita njia ya nyuma.

Kwa hiyo, kijana uliyeniandikia, jibu langu ni hili. Ni kweli kwamba hakuna atakayeiona kazi yako ya kumwagilia. Lakini miaka ishirini kutoka leo utapita mbele ya jengo hilo, na watoto watakuwa wanapanda na kushuka ngazi zake bila kuwaza lolote. Wewe utajua kilichomo ndani ya kuta zile. Ama utasimama kidogo utazame, ama utatafuta njia ya nyuma. Chaguo hilo unalifanya sasa, ukiwa na ndoo mkononi. Mrudie fundi wako, mwombe radhi, umwambie akueleze sababu ya kila jambo anakokuagiza, kwa maana ajuaye sababu hachoki upesi. Na kesho alfajiri, kabla jua halijapanda, limwagilie.

Ndugu msikilizaji, tukijaliwa tutakutana tena juma lijalo. Kazi njema.